Kusomea usalama wa mtandao Marekani kwa fedha za serikali: pa kuanzia

Kila baada ya miezi michache ujumbe uleule huzunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp: serikali inagawa maelfu ya dola kwa kila anayetaka kusomea usalama wa mtandao, tuma dola hamsini za fomu uwekwe kwenye orodha. Ndugu yangu, usitume. Serikali kuu ya Marekani haitozi ada ya kuomba ruzuku.

Lakini ujumbe huo hutembea kwa sababu una chembe ya ukweli. Fedha zipo, na baadhi zimetengwa hasa kwa watu wa kipato cha chini, wahamiaji, vijana walioacha shule na wakazi wa vijijini. Tatizo ni kwamba hazipiti mkononi mwa mwanafunzi. Zinatoka Bungeni, zinakwenda wizarani, zinashuka hadi jimboni, chuoni au kwenye shirika, na kinachokufikia wewe ni kiti cha darasani kilichokwisha kulipiwa. Oktoba 2021, kwa mfano, CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa serikali kuu, ilitoa dola milioni 2 za kufundisha kazi hii katika jamii zilizosahauliwa. Waliopokea ni mashirika mawili, NPower na CyberWarrior. Aprili 2024 NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya serikali kuu, ikatoa dola milioni 3.6, zikagawanywa kwa mashirika na vyuo 18, takriban dola 200,000 kila kimoja. Hakuna mwanafunzi aliyeandikiwa hundi.

Kwa hiyo kazi yako ni kumtafuta aliyekwisha kupewa, na kufika mlangoni kwake ukiwa na karatasi zilizotimia.

Mimi nilijifunza hili kwa kuumia. Nikiwa kwenye zamu ya usiku ghalani nilichukua mkopo nikalipia kozi ya mtandaoni iliyoahidi kazi baada ya wiki kumi na mbili. Nilitoka na cheti ambacho hakuna mwajiri aliyewahi kukisikia. Deni bado linanikata mshahara, ndipo nikagundua kwamba chuo cha jamii kilicho dakika kumi na tano kutoka nyumbani kwangu kilikuwa na darasa la mambo yaleyale, na viti vyake vinalipiwa na serikali.

Hatua ya kwanza: karatasi

Kusanya kitambulisho, kadi ya Social Security, vielelezo vya kipato vya miezi sita iliyopita, marejesho yako ya kodi, vyeti vya shule, na ushahidi wa hadhi yako ya uhamiaji: grini kadi, fomu ya I-94 inayoonyesha uliingia kama mkimbizi au umepewa hifadhi, au kibali cha kazi.

Hadhi ndiyo inayoamua mlango upi utafunguka. Raia, mwenye grini kadi, mkimbizi na aliyekwisha kupewa hifadhi wanaweza kubisha karibu milango yote nitakayoitaja. Anayesubiri kesi ya hifadhi akiwa na kibali cha kazi tu hapati msaada wa masomo wa serikali kuu. Kwa mafunzo ya kazi, mwaka 2025 Wizara ya Kazi ilikaza masharti, majimbo kadhaa yakaenda mahakamani kupinga, kwa hiyo jibu linategemea unaishi jimbo gani. Piga simu kwanza kabla ya kupoteza siku ya kazi. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi, mwongozo huu kwa sehemu kubwa haumhusu.

Hakikisha jina na tarehe ya kuzaliwa vinalingana kwenye kila karatasi. Tulioandikiwa Januari 1 kama siku ya kuzaliwa tuko wengi, na wengi wetu jina la baba liliandikwa kambini kwa namna moja na Social Security kwa namna nyingine. Herufi moja ikipishana, kompyuta ya wizara ya elimu inakukataa, nawe unabaki kudhani umenyimwa kwa sababu ya rangi ya ngozi. Nenda ofisi ya Social Security urekebishe kabla ya kujaza chochote.

Wanaume, sikilizeni hapa. Kila mwanamume aliyeingia nchini kabla ya kutimiza miaka 26, awe mkimbizi au mwenye grini kadi, anapaswa kuwa kwenye daftari la Selective Service, lile la wanaoweza kuitwa jeshini. Fedha za mafunzo ya kazi zinadai uthibitisho huo. Uliyeingia baada ya miaka 26 huhitaji kujiandikisha, ila beba kitu kinachoonyesha tarehe uliyoingia. Na kama muda ulikupita bila kujua, mambo hayajaharibika: omba barua ya hali yako kutoka Selective Service, kisha eleza kwa maandishi kwamba hukukwepa makusudi. Ofisi ya ajira ndiyo itakayoamua.

Hatua ya pili: FAFSA, hata kama huna nia ya shahada

Wengi huruka hatua hii wakidhani FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, ni ya watoto wanaotoka sekondari. Siyo. Ndiyo fomu inayofungua Pell Grant, msaada usiorudishwa ambao kwa mwaka wa masomo 2025–26 ulifika hadi dola 7,395. Kwenye vyuo vingi vya jamii kiasi hicho hutosha ada ya mwaka na bado kikabaki cha vitabu. Kuijaza ni bure. Anayekudai pesa anauza maji kando ya mto.

Kuna sababu nyingine ya kuanza na FAFSA. Sheria ya mafunzo ya kazi, nitakayoieleza hivi punde, inataka ofisi ya ajira ihakikishe kwanza kama unapata msaada mwingine, Pell ikiwemo. Ukifika bila FAFSA, mshauri atakurudisha nyumbani ukaijaze, na utasubiri miadi nyingine wiki tatu.

Fomu hutumia kipato cha miaka miwili nyuma. Kama mwaka ule ulikuwa na kazi mbili na sasa huna hata moja, usikubali jibu la kwanza. Nenda ofisi ya msaada wa kifedha ya chuo uombe wakufikirie kulingana na hali yako ya sasa. Wana mamlaka hayo kisheria, ingawa si wote watakaokuambia bila kuulizwa.

Sasa mtego. Pell ya kawaida haitolewi kwa mtu mwenye shahada ya kwanza, na shahada ya Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi inahesabika hivyohivyo. Nimeona watu wazima wenye shahada za nyumbani wakiificha ili wapate Pell. Hiyo ni taarifa ya uongo kwa serikali kuu, na kwa mtu anayetarajia kuomba uraia ni kujichimbia kaburi. Waliosoma wana njia mbili halali: ofisi ya ajira, ambayo haijali sana shahada yako, na Pell mpya ya kozi fupi. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 iliruhusu Pell kulipia mafunzo ya wiki 8 hadi 15 kuanzia Julai 1, 2026, na mwenye shahada ya kwanza hakufungiwa nje. Kozi hizo lazima ziidhinishwe na gavana wa jimbo na zionyeshe kwamba angalau asilimia 70 ya wanafunzi humaliza na asilimia 70 hupata kazi. Muulize msajili wa chuo swali moja tu: kozi yenu fupi ya usalama wa mtandao imeidhinishwa kwa Pell?

Hatua ya tatu: ofisi ya ajira

Huu ndio mlango mkubwa, na ndio watu wetu hawaupiti. Unaitwa American Job Center. Vituo hivyo viko karibu 2,300 nchi nzima, ingawa kila jimbo lina jina lake la kuvipamba. Watu wanaviona kama mahali pa kutafutia kazi ya kiwandani. Kumbe ndani yake kuna fedha za WIOA, sheria ya mwaka 2014 inayolipia mafunzo ya watu wazima wa kipato cha chini, waliopunguzwa kazini, na vijana wa miaka 16 hadi 24 walio nje ya shule.

Fedha hizo hutolewa kama vocha. Ofisi inakufungulia akaunti ya mafunzo, wewe unachagua kozi kwenye orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na jimbo, ofisi inamlipa mwenye kozi. Kiwango cha juu hupangwa na kila bodi ya ajira ya eneo, kwa hiyo usishangae rafiki yako wa kaunti jirani akipata zaidi yako.

Usiingie ukasema, "Nataka kazi." Ukisema hivyo utapewa karatasi ya matangazo ya kazi na kukaribishwa kwenye kompyuta. Sema: "Nataka kupimwa kama nafaa kwa mafunzo ya WIOA, mpango wa watu wazima." Halafu ongeza mambo mawili kama ni ya kweli: kwamba kipato chako ni cha chini, na kwamba Kiingereza bado unajifunza. Sheria inawapa kipaumbele wanaopokea msaada wa serikali, wenye kipato cha chini, na wenye upungufu wa stadi za msingi. Asiyemudu Kiingereza cha kazini yumo katika kundi hilo la mwisho. Wengi wetu huingia ofisini tukijikaza kuzungumza Kiingereza cha televisheni ili tuheshimiwe, tukajiondoa wenyewe kwenye foleni ya mbele. Unaweza pia kuomba mkalimani wa Kiswahili, na hupaswi kumlipa. Mtoto wako wa darasa la sita si mkalimani.

Mshauri atataka kujua kwa nini kazi hii. Jibu zuri lina takwimu za eneo lako. Fungua tovuti ya CyberSeek, iliyojengwa kwa fedha za NIST, uangalie nafasi zilizotangazwa katika jimbo lako, uchapishe ukurasa ule uende nao. Mshauri naye ana bosi wa kumwandikia maelezo. Ukimrahisishia kazi, faili lako halikai chini ya rundo.

Omba pia huduma za kusaidia, na uzitaje kwa majina: nauli, malezi ya watoto saa za darasa, ada ya mtihani, kompyuta ya mkononi. Zinategemea bajeti, na kwa kawaida husikii habari zake mpaka uulize. Mama mmoja niliyemsindikiza alikuwa ameshakata tamaa kwa sababu ya mtoto wa miaka miwili. Nauli na kituo cha watoto vilikuwemo kwenye mpango tangu mwanzo; hakuna aliyemwambia.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi na utaratibu wa rufaa. Mara nyingi sababu ni "fedha za robo mwaka hii zimekwisha." Mwaka wa WIOA huanza Julai 1. Rudi Julai.

Kwa wakimbizi waliofika chini ya miaka mitano iliyopita kuna mlango wa pembeni: shirika lililokupokea, au jingine la mjini kwako, linaweza kuwa na fedha za Ofisi ya Makazi ya Wakimbizi kwa ajili ya ajira na mafunzo. Usimwachie mshauri wako akupeleke kiwanda cha nyama halafu afunge faili. Muulize kama wana mpango wa kujenga taaluma. Na tahadhari moja: majimbo mengi yana mafunzo ya bure kwa wanaopokea SNAP, yaani msaada wa chakula wa serikali, lakini sheria ileile ya Julai 2025 iliwaondoa kwenye SNAP wakimbizi ambao bado hawajapata grini kadi, hivyo mlango huo umefungwa kwa wageni wapya.

Hatua ya nne: kuchagua kozi

Kozi kuwemo kwenye orodha ya jimbo haitoshi. Uliza kama ada inajumuisha mtihani wa cheti cha CompTIA Security+. Cheti hiki ndicho waajiri wengi huanza kukitafuta, na mtihani wake kwa sasa ni SY0-701: maswali yasiyozidi 90, dakika 90, alama ya kufaulu 750 kwenye kipimo cha 100 hadi 900. Peke yake unazidi dola 400. Kozi isiyokuandaa kwa mtihani wowote unaotambulika ni ile niliyolipia mimi.

Uliza pia wanafunzi wangapi wa darasa lililopita wamepata kazi, kazi gani, na wapi. Chuo kinachopokea WIOA kinatakiwa kutoa takwimu hizo. Kama chuo kimetambuliwa na NSA, wakala wa usalama wa taifa, kuwa kituo cha ubora wa elimu ya usalama wa mtandao, ni dalili njema, na vyuo vya jamii vingi vimo.

Kama hujawahi kufungua kompyuta ukaona ubao wake mama, usianzie hapa. Anza na misingi ya kompyuta na mitandao, ndipo usalama. Mwalimu anayekwambia utalinda nyumba ambayo hujui milango yake iko wapi anakudanganya.

Hatua ya tano: uanagenzi, na ile skolashipu yenye kamba

Uanagenzi uliosajiliwa unalipa mshahara tangu siku ya kwanza. Kwa kawaida ni saa 2,000 za kazi au zaidi, pamoja na saa kama 144 za darasani kwa mwaka. Mwaka 2022 Ikulu ya Marekani ilijivunia kwamba kampeni ya siku 120 ilileta wanagenzi zaidi ya 7,000 wa usalama wa mtandao. Sehemu kubwa walikuwa wanajeshi ndani ya mpango wa jeshi. Kampuni binafsi ziliajiri kama 1,000. Nafasi ni chache kuliko kelele zake. Tafuta hata hivyo, kwenye tovuti ya Apprenticeship.gov.

CyberCorps, skolashipu ya serikali kuu kwa wanaosomea usalama wa mtandao, ni kitu kingine. Inalipa ada yote chuoni na posho ya dola 27,000 kwa mwaka kwa wanaosomea shahada ya kwanza. Inataka uwe raia au mwenye grini kadi, na baadaye ufanye kazi serikalini kwa muda ulio sawa na miaka uliyolipiwa. Usipoifanya, skolashipu inageuka mkopo. Januari 2025 ajira mpya za serikali kuu zilisimamishwa, na wahitimu waliokuwa tayari kutumikia wakajikuta wanahesabu siku huku deni likiwanyemelea. Kwa anayeanza maisha hapa, mimi singeiweka mbele.

Kwa viongozi wa jumuiya

Kama mnaendesha chama cha Wakongo, Watanzania au Wakenya na mnataka darasa lifanyike ukumbini kwenu, msianze kwa kuomba ruzuku ya serikali kuu wenyewe. Mnahitaji usajili wa SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya kusajili waombaji wa ruzuku, ambao ni bure lakini huweza kuchukua wiki kadhaa, namba ya UEI inayotambulisha shirika, hesabu zilizonyooka, na mara nyingi mchango wenu: mpango wa NIST wa RAMPS hutaka mwombaji alete asilimia 50 ya kile anachopewa. Tena ruzuku nyingi hurudisha fedha baada ya matumizi. Mnatumia kwanza, mnalipwa baadaye. Chama chenye dola 3,000 benki kitaanguka mwezi wa pili.

Nendeni kwa chuo cha jamii au bodi ya ajira ya eneo lenu muwe washirika. Wao wana wahasibu. Ninyi mna wanachokikosa: watu. Ahidini vitu vinavyohesabika, kwa barua: wanafunzi 15, ukumbi Jumamosi mbili kwa mwezi, wakalimani, akina mama wa kulea watoto darasa likiendelea. Ombeni mstari wenu kwenye bajeti, kwa sababu ukumbi na malezi vina gharama, na jumuiya zetu zimezoea kutoa bure kisha kusahauliwa kwenye ripoti.

Wala msijenge nyumba nzima juu ya nguzo moja. Sheria ya Digital Equity ilitenga dola bilioni 2.75 mwaka 2021 kwa ajili ya watu waliobaki nyuma kidijitali. Mei 2025 serikali mpya ikausitisha mpango huo, na mashirika yaliyokwisha kuajiri walimu yakabaki na barua mkononi.

Hatua ya mwisho: kazi ya kwanza

Takwimu za Wizara ya Kazi zinasema mshahara wa kati wa mchambuzi wa usalama wa habari ulikuwa dola 124,910 mwaka 2024. Ni kweli, na ndiyo namba wanayoibandika wauza kozi. Hiyo si kazi yako ya kwanza. Ya kwanza itakuwa dawati la msaada: kubadilisha nywila za watu waliozisahau, kueleza kwa nini printa haichapishi. Ichukue. Humo ndimo unapoona jinsi barua pepe ya ulaghai inavyomnasa mhasibu saa nane mchana.

Kazi nyingi za serikali kuu na wakandarasi wa jeshi zinataka uraia, kwa hiyo kama bado, elekeza maombi hospitalini, benki, wilaya za shule, vyuo na kampuni zinazohudumia biashara ndogo. Aliyeingia kama mkimbizi, grini kadi yake huhesabiwa tangu siku aliyoingia nchini, na baada ya miaka mitano kutoka siku hiyo anaweza kuomba uraia. Piga hesabu tarehe yako sasa.

Cheti cha Security+ hudumu miaka mitatu, ukihitaji pointi 50 za kujiendeleza ili kukihuisha. Na ukishaajiriwa, usibadili namba ya simu bila kuwaambia ofisi ya ajira. Watakutafuta, kwa sababu serikali huwapima kwa kuangalia kama uko kazini robo ya pili na robo ya nne baada ya kumaliza. Pokea simu hiyo, tuma nakala ya hati ya mshahara wakiiomba. Bodi inayokosa namba hizo hupata shida kutetea kozi ileile mwaka unaofuata, na dada aliyeko nyuma yako kwenye foleni ataambiwa fedha zimekwisha.